Hatua Moja Mbele ya Kitanda cha Ustadhi

Habari hii nilipewa na Hemnalini Sanyal, jirani yangu wa ghorofa ya tatu, msimu wa baridi uliopita, siku tuliyopanda juu ya paa kuanika mifarishi juani. Alikuwa anaupiga mmoja kwa fimbo, akaacha, akacheka peke yake. Nikamuuliza anacheka nini. Akasema, "Mfarishi huu uliwahi kumsikiliza Ustadhi." Tukakaa kwenye kivuli cha tangi la maji, akanisimulia mpaka kivuli kikatuhama. Hemnalini akisimulia huruka kama panzi, kwa hiyo nimeyapanga mimi.

Mkwe wake, Sharbari, mke wa mwanawe Dipayan, ni mwimbaji. Si wa kuimba harusini. Ni mwanafunzi wa Ustadhi Najabat Beg, na kila akilitaja jina hilo hugusa ndewe ya sikio, kama wafanyavyo wote waliofunzwa na mkubwa. Hemnalini, ambaye hajui kuimba hata kwa kumbembeleza mtoto, siku hizi naye hugusa. Miaka kumi na moja nyuma Ustadhi alimfunga Sharbari uzi mwekundu mkononi kuwa ni mwanafunzi wake, na tangu siku hiyo msichana hakuimba mbele za watu hata mara moja. Ndiyo kanuni yao. Mwanafunzi hatoki hadharani mpaka mwalimu aseme, na wapo walimu wanaokufa hawajasema.

Miaka miwili kabla ya haya ninayosimulia Sharbari aliomba ruhusa, akanyimwa. "Bado," Ustadhi alimwambia. "Nitakusikiliza mara moja nyingine, na hiyo ndiyo ya mwisho." Basi akajifungia na tambura yake, ile ala ya nyuzi inayomshikia mwimbaji sauti, akafanya mazoezi, kisha akarekodi studio wimbo mmoja wa asubuhi, dakika thelathini na nane. Watu wa kuutoa walikuwepo, wanasubiri neno moja tu la mzee. Na mzee mwenyewe alikuwa na miaka themanini na mmoja, moyo mbovu, na siku ya Alhamisi binti yake alikuwa anakuja kumchukua kumpeleka kwake, mji wa Laknau. Kila mtu alijua harudi tena Kolkata. Ikapangwa Jumanne. Akisema ndiyo, Sharbari ni mwimbaji. Akisema hapana, atabaki mtu wa kuimba jikoni akichambua dengu.

Vile vya kuchomeka masikioni Ustadhi havitaki. "Mimi si simu nitiwe waya," alisema. Alitaka sauti imjie hewani, kama Mungu alivyopanga. Na kwa ukoo mzima wa Sharbari, mtu mwenye spika za kumfaa mzee yule alikuwa mmoja, baba mkwe wake, Bhabatosh, mumewe Hemnalini.

Bhabatosh alikuwa fundi wa taa za ishara kwenye reli. Alipostaafu akaanza kuunda spika kwa mkono wake. Hizi za sasa zina kimo cha mtoto wa miaka saba, na Hemnalini huzipangusa vumbi akizitukana kidogo kidogo. Siku nne kabla ya Jumanne mzee huyu alikigeuza chumba cha mbele kuwa uwanja wa kazi. Ilikuwa mwezi wa Chaitra, jua linachoma mpaka kunguru wanaacha midomo wazi, naye akafunga madirisha yote na kuzima feni, kwa sababu alikuwa anapima.

Namna yake ya kupima ni hii. Kompyuta hutoa mlio unaoanza chini kabisa, kama ng'ombe anayeguna ndani ya pipa, ukapanda polepole, ukapanda, mpaka ukawa kama mbu, kisha ukapotea. Maikrofoni nyembamba kama kidole, imesimama juu ya miguu mitatu, inasikiliza. Kwenye kioo unajichora mstari. Mstari ukilala, chumba kinasema kweli. Ukiwa na vilima, chumba kinaongeza chumvi.

Chumba chao kiliongeza chumvi nyingi. Kilikuwa na kilima kikubwa upande wa chini, palepale unapolia waya mnene wa tambura, na palepale Sharbari anapoiteremsha sauti yake mwanzo wa wimbo.

"Ukuta kwa ukuta," Bhabatosh alimweleza mkewe, jasho linamtiririka. "Sauti inakwenda, inarudi, inajikuta yenyewe njiani, inanenepa."

"Kama dada yako," akasema Hemnalini.

Akakunja magodoro mawili ya pamba, akayasimamisha kwenye pembe. Akapima. Akatundika mifarishi ukutani, akapima. Akasogeza spika nusu shubiri, akatia alama sakafuni kwa chaki, akapima. Mara muuza samaki akapiga kelele barabarani, kipimo kikaharibika. Mara jiko la presha la ghorofa ya pili likapiga filimbi, kikaharibika tena. Jiko hilo ni langu. Sikuambiwa.

"Chumba cha watu kimekuwa ghala la pamba," Hemnalini alilalamika. "Mgeni mkubwa anakuja, namwonyesha godoro la mkojo wa wajukuu?"

"Mama Dipayan, anakuja kusikia. Haji kuona."

"Macho yake atayaacha ngazini?"

Sasa sikilizeni hapa. Nyuma ya chumba, kimeegemea ukuta, kiko kitanda kipana cha msaji walichorithi. Ndipo mahali pa heshima, juu, mgongo ukutani, na ndipo angekaa Ustadhi. Jumatatu asubuhi Sharbari alioga, akatandika shuka jipya jeupe, akaweka takia refu, akanyunyiza marashi ya waridi. Tangu hapo hakuna aliyepagusa. Bhabatosh alipokuja na maikrofoni yake kutaka kuisimika juu ya kitanda, Sharbari alimrukia.

"Baba! Hapo ni pa Ustadhi!"

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana."

"Hiyo miguu yake imekanyaga chini kunakokanyagwa na watu. Mimi mwenyewe sijathubutu kuweka hata mkono tangu nitandike. Nakuomba."

Bhabatosh alimtazama, akaona macho ya mtu ambaye hajalala siku tatu. Akaishusha maikrofoni, akaisimamisha sakafuni, hatua moja mbele ya kitanda. "Hatua moja si kitu," akasema. Akapima. Kilima kikawa kichuguu, mstari ukalala kama uzi wa mshonaji. Mzee akapiga makofi. Jioni ile walikula kwa furaha.

Jumanne saa nne asubuhi Ustadhi akafika. Alipanda zile ngazi sitini akipumzika kila ghorofa, mkono mmoja begani kwa dereva wake. Akaingia, akavua viatu, akaketi kitandani, akaegemea takia. Sharbari akagusa miguu yake, akakaa sakafuni pembeni, kichwa chini. Hemnalini akaleta maji.

"Utakula kwanza, Ustadhi?"

"Sili kwanza, dada. Tumbo likijaa, masikio hufunga mlango." Akatazama magodoro pembeni na mifarishi ukutani. "Mnahama?"

Bhabatosh akaanza kueleza habari za vilima, mzee akainua kidole. Basi Bhabatosh akabonyeza.

Tambura ikaanza. Kisha sauti ya Sharbari, chini kabisa, polepole. Bhabatosh alikuwa amesimama karibu na mlango, akisikiliza na kutikisa kichwa kwa raha. Dakika ya tano mzee akaashiria maji. Bhabatosh akachukua glasi, akamwendea, akainama kumpa, kichwa chake kikawa sawa na kichwa cha Ustadhi, karibu na ukuta.

Akampa glasi, akabaki ameinama. Pale, shubiri mbili kutoka ukutani, ile sauti ya chini ilikuwa imevimba. Waya mnene wa tambura ulinguruma kama lori linalowashwa, na sauti ya Sharbari ilikuwa inasukumwa nje kwa nguvu ambayo msichana hakuitia. Bhabatosh akarudi nyuma hatua moja. Ikawa safi. Akasogea. Ikavimba.

"Zima," akasema Ustadhi.

Bhabatosh akazima.

"Binti. Huku chini unasukuma. Nani kakwambia usukume? Sauti imevimba kama maiti ya mtoni. Miaka kumi na moja nilikuwa nafundisha ukuta?"

Sharbari akazidi kuinamisha kichwa. Mwanafunzi hajibu.

"Niliahidi kusikiliza mpaka mwisho, na mimi si mtu wa kuvunja ahadi. Nitasikiliza. Lakini nishajua nitakalolisema." Akateremka kitandani kwa taabu. "Nionyesheni pa kunawa uso. Joto hili ni la tanuri."

Mlango wa bafu ulipofungwa, wote watatu wakajikuta jikoni, wananong'ona kama wezi.

"Kosa langu," Bhabatosh akasema. "Ni ule ukuta. Nilipima hatua moja mbele, na ukutani sauti inarundikana. Pale alipo ndipo pabaya kuliko pote nyumbani humu. Nakwenda kumwambia."

"Usiende, Baba."

"Mwanangu, anakunyonga kwa kosa la ukuta!"

"Mwaka mmoja kuna mwenzetu alisema mbele yake, tambura yangu ndiyo mbaya. Ustadhi akamwambia, tambura haina mdomo wa kujitetea, ndiyo maana unaisingizia. Akamkata uzi palepale. Mpaka leo hatujui yuko wapi. Mimi nikasingizie chumba?"

"Basi nitasema mimi. Mimi si mwanafunzi wake."

"Wewe ni baba mkwe wangu. Ataona nimekutuma."

"Tukisogeze kitanda," akasema Hemnalini.

Wakarudi mbio, wakashika, wakasukuma. Kitanda kile kiliingia chumbani vipandevipande, fundi akakiungia humohumo. Hakikusogea hata unywele. Bafuni maji yakaacha kutiririka.

"Mahali pazuri ni wapi hasa?" Hemnalini akauliza.

Bhabatosh akamwonyesha chini, pale kwenye alama ya chaki. Sakafuni, wanapokaa wanafunzi.

"Ustadhi akae chini na mimi?" Sharbari akashika mdomo. "Mama, afadhali nikose."

Hemnalini aliniambia, hapo akili yake ilikwenda mahali ilipozoea kwenda. Mtu anakaa chini kwa sababu mbili, alisema. Ama ni mdogo, ama anakula. Akaingia jikoni, akatoka na mkeka mzuri, ule wa kulia wageni, akautandika juu ya ile chaki, akaweka mto mnene, akaweka sinia: wali, dengu, biringanya, samaki wa haradali, bakuli la mtindi.

Ustadhi akatoka anajifuta ndevu. Akasimama.

"Dada, nimesema sili."

"Nimesikia. Kwani nimekwambia ule? Umepanda ngazi sitini kwangu. Mgeni akiondoka kwangu hata sinia hajalikabili, majirani watasema Hemnalini kafa. Kaa nalo tu, lisiwe yatima."

Mzee akamtazama kwa muda. Kisha akacheka puani, akashuka kwenye mkeka polepole, magoti yakilia. Kwa adabu akanawa, akamega tonge la kwanza. Bhabatosh, bila kumwangalia mtu, akabonyeza.

Tambura ikaanza. Tonge likasimama hewani.

Ustadhi alisikiliza pumzi tano, sita. Akalirudisha tonge sahanini. Akainuka, hakuna aliyethubutu kumsaidia, akapanda kitandani, akaegemea, akasikiliza. Akashuka tena mkekani. Akasikiliza. Akapanda mara ya pili, mkono wenye wali ameuinua mbali na shuka. Hemnalini alisema moyo ulimpiga mpaka akasikia bangili zake zinalia. Mzee akashuka, akakaa, safari hii hakuinuka.

"Simamisha. Nani kapima chumba hiki?"

"Mimi, Ustadhi."

"Ulipima wapi?"

"Hapo ulipo."

"Na pale?" Akaonyesha kitanda kwa kidevu.

Sharbari, bila kuinua uso: "Nilimkataza mimi. Ni mahali pako."

"Kwa hiyo mlipima kila mahali, ila mahali pangu." Akageuka kumtazama. "Ulijua, nilipokuwa nakutukana?"

"Nilijua baadaye. Jikoni."

"Mbona hukusema?"

"Ustadhi, yule wa tambura..."

Mzee alivuta mto, akaketi vizuri. "Anza mwanzo," akasema. "Na mtu yeyote asitembee."

Wakaanza mwanzo. Dakika kumi. Kumi na tano. Uso wa mzee ulilegea, kichwa kikaanza kwenda na mahadhi, na mara moja mkono wake wa kushoto ukainuka kidogo, ule mkono ambao mwimbaji akiuona ukiinuka hulala usingizi mtamu wiki nzima. Bhabatosh akamkonyeza mkewe. Wimbo ukageuka, ukaingia kipande cha pili, Sharbari akateremka tena chini, na safari hii akaishika sauti moja ndefu.

"Rudisha."

Bhabatosh akarudisha.

"Rudisha tena."

Mara tatu palepale. Mzee alikuwa amefumba macho, na uso wake ulikuwa umebadilika. Hemnalini hajui muziki, lakini anajua uso wa mtu aliyeona kitu asichotaka kukiona.

"Huu mtetemo," akasema Ustadhi. "Hapa. Mwisho wa pumzi. Unasikia?"

"Ndiyo, Ustadhi. Ni ule ulionifundisha."

"Sikukufundisha."

"Kila asubuhi, Ustadhi, ukiishika sauti hii, mwishoni..."

"Mwishoni natetemeka!" Sauti ilimpanda mpaka akashika kifua. "Natetemeka kwa sababu nimezeeka, binti! Huo si urembo. Huo ni uzee wangu. Ulikuja kwangu nina miaka sabini, koo limeshachoka, nawe ukachukua kila kitu, hukubakisha. Nashangaa hukuchukua na kikohozi."

Kule ukutani, kwenye ule uvimbe, mtetemo ule usingesikika kamwe. Ungefunikwa. Hemnalini aliniambia, "Nilisema moyoni, nimemmaliza mtoto wa watu. Mimi ndiye niliyemkalisha hapo na sinia langu."

Ustadhi alijitazama mkono. Wali ulikuwa unamkaukia vidoleni. Kisha akasema, si kwa ukali: "Sogea. Imba hiyo. Bila tambura, moja tu. Ishike mpaka iishe."

Sharbari akasogea mbele ya sinia, akafumba macho, akaimba.

"Huyo ni mimi," akasema mzee. "Tena."

Akaimba tena.

"Bado ni mimi. Niache. Tena."

Akaimba. Machozi yalikuwa yanamshuka na sauti haijakatika, na mwishoni, kila mara, ule mtetemo ukaja kama mtu anayejua njia ya nyumbani. Mara ya sita, mara ya saba. Ustadhi akapiga sakafu kwa kiganja. "Unaniogopa mpaka ndani ya koo! Ukifika mwisho unanitafuta. Mimi mwisho huo sina. Sina, Sharbari. Wa kwako uko wapi?"

Miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kumwita kwa jina. Alimwita binti tu.

Sharbari akajifuta uso kwa ncha ya sari. Akakaa kidogo bila kuimba. Akavuta pumzi, akashuka, akaishika, na sauti ikaenda moja kwa moja, nyembamba, ikaenda, ikaisha yenyewe kama maji yanavyoisha kwenye mchanga.

Mzee akasubiri. "Tena."

Ikaenda vilevile.

"Hiyo," akasema. Akatazama dirisha lililofungwa. "Hiyo niliwahi kuwa nayo."

Kisha akavuta sinia karibu kama mtu aliyemaliza kazi. "Kipande cha kwanza ni safi, kiacheni. Cha pili karudie studio. Wiki hii hii, kabla hujasahau."

"Nitarudia, Ustadhi." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Lakini nitakuletea lini? Alhamisi unaondoka."

"Usiniletee."

Sharbari akainamisha kichwa mpaka paji la uso likakaribia mkeka. Alidhani ndilo lile neno la hapana. Hemnalini naye alidhani hivyo, akashika mlango.

"Mbona unainama? Nimesema usiniletee. Anayempelekea mwalimu kazi ikaguliwe ni mwanafunzi. Mwimbaji akimaliza, anaitoa. Itoe, watu wasikie." Akamega tonge. "Jina langu ukipenda liandike. Chini ya lako."

Bhabatosh alikuwa wa kwanza kuelewa, akatoa sauti ya ajabu kama birika. Sharbari alibaki palepale alipoinama, mabega yanatikisika, na mzee akamwacha alie huku yeye anakula.

"Dada," akasema akitafuna, "samaki amepoa, lakini haradali yako haipoi. Imenipanda mpaka puani."

"Kula, Ustadhi. Kipo kingine."

Alikula kila kitu, mtindi wote, akataka na tambuu. Kisha, kwa vile ni saa ya kila tumbo la Kolkata lililoshiba wali kulala, akapanda kitandani pake, akageukia ukuta, na kabla ya Bhabatosh kumaliza kufungua madirisha alikuwa anakoroma. Bhabatosh akajilaza kwenye kiti cha kamba barazani, akasema anafumba macho dakika tano, akapotea. Sharbari alikuwa ameegemea godoro la pembeni, mkono wake bado kwenye ukingo wa mkeka. Hemnalini alimwita mara mbili ale. Hakusikia, kinywa wazi kama mtoto.

Basi Hemnalini akafunika vyungu, akamwekea dereva sahani yake ngazini, akarudi akakuta dereva amelala juu ya ngazi na kofia usoni. Akaifunika sahani. Akawasha feni kwa mwendo wa chini, akatandika ncha ya sari yake sakafuni mlangoni mwa jikoni, vidole bado vya manjano, akajinyoosha. Alitaka kufikiri kidogo juu ya mambo ya asubuhi ile. Hakufika mbali, akalala.